Samaki Aliyesubiri Miaka 173 Atazamwe Sawasawa

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Sina nia ya kuwakosoa wahenga, lakini historia ya sayansi inatuonyesha kwamba wamekuwapo watu wengi, tena wasomi waliobobea, ambao walikuwa na macho mazima, wakatazama, na bado hawakuona. Ushahidi nitakaoutoa leo ni wa samaki mmoja wa baharini aliyeishi yapata miaka milioni 50 iliyopita na ambaye hayupo tena duniani. Samaki huyo alipewa jina la kitaalamu mnamo mwaka wa 1835. Baadaye vitabu vikamtia katika kundi la samaki wenye umbo la sangara, na visukuku vyake vikatunzwa katika makabati ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Ilipita miaka 173 tangu apewe jina hilo hadi ilipothibitishwa kwamba jicho lake moja halikuwa mahali ambapo kila mtu alidhani lilikuwa.

Huenda msomaji akauliza: jicho la samaki wa kale wa Italia linamhusu nini mwalimu wa Kakamega au mwanafunzi wa Kilifi? Linamhusu sana. Somo la uainishaji wa viumbe ni mojawapo ya masomo yanayochukiwa mno katika shule zetu, na sababu yake ni dhahiri shahiri. Tumeligeuza kuwa somo la kukariri. Mwanafunzi anamezeshwa himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi kama anavyomezeshwa kasuku salamu, kisha anazitapika siku ya mtihani na kuzisahau kabla ya kengele ya mwisho kulia. Hakuna anayemwambia kwamba kila jina katika orodha ile ni hoja, kwamba hoja hiyo ilitolewa na mtu kwa ushahidi fulani, na kwamba mwingine anaweza kesho kuja na ushahidi bora akaipindua. Kisa cha samaki huyu kinalifundisha jambo hilo kuliko hotuba yoyote.

Ili kukielewa kisa chenyewe, hatuna budi kuanzia nyumbani. Wakazi wa pwani wanamfahamu samaki aitwaye gayogayo. Ni samaki bapa kama wayo wa mguu, anayelala ubavu juu ya mchanga chini ya bahari. Upande wake wa juu una rangi inayofanana na mchanga, na upande wa chini aghalabu ni mweupe. La ajabu zaidi ni kwamba macho yake yote mawili yako upande mmoja wa kichwa, ule unaotazama juu. Asiyemjua anaweza kudhani kwamba samaki huyo ana kilema. Lakini gayogayo si kilema hata kidogo. Yeye na jamaa zake ni zaidi ya spishi 700 zilizoenea katika bahari za dunia, na wote wamejengwa kwa mtindo huo.

Gayogayo hazaliwi hivyo. Anapoanguliwa huwa kichanga mwenye jicho moja kila upande, akiogelea wima kama samaki mwingine yeyote. Kisha, anapoendelea kukua, homoni za tezi ya shingo huanzisha mageuzi makubwa mwilini mwake. Mifupa ya fuvu hujipinda, jicho moja huanza safari, likapanda mpaka utosini na kuvuka hadi upande wa pili, huku samaki mwenyewe akiinama na hatimaye kulala ubavu chini baharini. Wanyama wenye uti wa mgongo ni wengi, lakini ni vigumu kupata mwingine ambaye fuvu lake limepindwa kiasi hicho na bado akaishi raha mustarehe.

Sasa hapa ndipo palipozuka ugomvi mkubwa wa karne ya kumi na tisa. Charles Darwin alipochapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka wa 1859, alidai kwamba viumbe hubadilika hatua kwa hatua, na kwamba kila hatua ndogo hubakia kwa kuwa inamfaidi kiumbe kwa njia fulani. Mnamo 1871 mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, St. George Mivart, alimjibu kwa kitabu chake mwenyewe. Mivart hakuwa mtu wa kupinga kila kitu, kwani alikubali kwamba viumbe hubadilika. Alichokitilia shaka ni hizo hatua ndogo ndogo, na mmoja wa mashahidi wake alikuwa samaki bapa. Hoja yake ilikuwa kali: ikiwa jicho lilihama pole pole kizazi baada ya kizazi, basi lazima walikuwapo samaki ambao jicho lao lilikuwa limesogea kidogo tu, lakini bado liko upande wa chini. Jicho kama hilo lingewafaa nini, ilhali bado limefukiwa mchangani? Safari ya nusu, alidai, haina faida, na isiyo na faida haiwezi kubakizwa.

Darwin aliichukua hoja hiyo kwa uzito. Katika chapa ya sita ya kitabu chake, iliyotoka mwaka wa 1872, alieleza jinsi samaki bapa wachanga wanavyolala ubavu na kujitahidi kulizungusha jicho la chini ili litazame juu, akitegemea uchunguzi wa mtaalamu wa Uswidi aitwaye Malm. Alidokeza kwamba juhudi hizo huenda zilirithiwa na vizazi vilivyofuata. Leo tunajua kwamba sehemu hiyo ya jibu lake haikuwa sahihi, kwa sababu juhudi za mzazi za kupinda jicho haziandikwi katika jeni za mwanawe. Na hata kama jibu lingekuwa sahihi, lilikosa kitu kimoja kikubwa. Darwin hakuwa na samaki mwenyewe wa kumwonyesha Mivart. Hakuna aliyekuwa na kisukuku cha samaki mwenye jicho lililokwama njiani.

Pengo hilo lilibaki wazi kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930, Richard Goldschmidt, mtaalamu wa urithi kutoka Ujerumani, aliwatumia samaki bapa kama mfano wa jambo tofauti kabisa. Alipendekeza kwamba baadhi ya viumbe vipya huzuka kwa mruko mmoja mkubwa, yaani kwa kuzaliwa kiumbe wa ajabu asiyefanana na wazazi wake, ambaye kwa bahati njema akapata mahali pa kuishi. Kwa fikra hiyo, hakukuwa na haja ya kutafuta samaki wa katikati, kwani hakuwahi kuwapo.

Kumbe alikuwapo, na alikuwa amekwisha kupatikana kabla ya Darwin kuandika kitabu chake.

Kaskazini mwa Italia, karibu na mji wa Verona, kuna kijiji cha milimani kiitwacho Bolca. Miaka milioni 50 hivi iliyopita, katika kipindi cha Eosini, mahali hapo palikuwa na bahari ya joto yenye samaki tele kama bahari yetu ya Watamu na Kisite. Samaki waliokufa walizama katika matope laini ya chokaa ambamo hawakusumbuliwa, na matope hayo yakageuka kuwa mawe ya matabaka membamba. Ukiyapasua mawe hayo leo, samaki hujitokeza akiwa mzima, mifupa yake yote imepangika, na mara nyingine hata alama za rangi ya ngozi zingali zinaonekana. Zaidi ya spishi 200 za samaki zimepatikana hapo. Mawe ya Bolca yamekuwa yakikusanywa na matajiri na wasomi tangu karne ya kumi na sita. Majeshi ya Napoleon yalipoingia Verona, mkusanyo mkubwa wa visukuku hivyo ulichukuliwa na kupelekwa Paris mwaka wa 1797.

Ni huko Paris ambako Louis Agassiz, msomi kijana kutoka Uswisi, aliwachunguza samaki wa Bolca alipokuwa akiandaa kazi yake kubwa kuhusu samaki wa kale. Miongoni mwao alikuwamo samaki mmoja mwenye mwili wa kimo kirefu, uliobanwa ubavuni kama sahani, na mapezi marefu ya mgongoni na ya chini yaliyoenea hadi karibu na mkia. Agassiz alimwita Amphistium paradoxum. Neno hilo la pili lina maana ya kitu kinachokwenda kinyume na matarajio. Sijui kama jina limewahi kumfaa mwenyewe kuliko hilo.

Je, samaki huyu ni wa kundi gani? Hapo ndipo kazi ya uainishaji ilipoanza, na ningeomba mwanafunzi afuatilie kwa makini. Kwa muda mrefu vitabu vilimweka Amphistium katika oda iitwayo Perciformes, maana yake wenye umbo la sangara, yaani sangara yule mdogo wa mito na maziwa ya Ulaya. Alama zilizotumiwa kulitambua kundi hilo zinaweza kuhesabiwa kwa sindano na kioo cha kukuzia. Sehemu ya mbele ya pezi la mgongoni ina miiba migumu, na sehemu ya nyuma ina vijiti laini. Mapezi ya tumboni yako mbele, karibu chini ya yale ya kifuani, na kila moja lina mwiba mmoja na vijiti laini vitano. Pezi la mkia halina vijiti vikuu zaidi ya 17. Changu ana alama hizo, chewa anazo, na hata ngege wa Ziwa Victoria anazo.

Lakini kapu likiwa kubwa mno huacha kuwa kapu na kuwa jaa. Kufikia mwanzo wa karne hii, oda ya Perciformes ilikuwa na takriban spishi 10,000 katika familia 160, oda kubwa kuliko zote za wanyama wenye uti wa mgongo. Sababu ya ukubwa huo ni kwamba alama nilizozitaja si za ukoo mmoja peke yake. Ni alama za kale ambazo koo nyingi zilirithi kwa pamoja. Kumweka samaki katika kundi hilo mara nyingi kulikuwa na maana ya kusema tu kwamba ana miiba na kwamba hatujapata mahali bora pa kumweka. Ni sawa na mtu kuulizwa jirani yake ni wa ukoo gani, naye akajibu kwamba ana mikono miwili.

Si kwamba hakuna aliyemshuku Amphistium. Mwaka wa 1902 George Boulenger, mtaalamu wa samaki katika jumba la makumbusho la London, alitoa hoja kwamba samaki huyu wa Bolca ana undugu na samaki bapa, na akawaweka karibu katika mpango wake wa uainishaji. Boulenger alikuwa ameshika mkia wa ukweli. Hata hivyo, hakuwa na ushahidi wa kichwa, na hoja yake haikukubalika. Samaki akarudishwa kwenye kapu la sangara.

Kwa nini kichwa hakikutazamwa vizuri? Jibu ni rahisi na linafundisha. Kisukuku cha Bolca ni samaki aliyelazwa ubavu na kubanwa ndani ya jiwe, na ni upande mmoja tu unaoonekana. Mtu akiona tundu la jicho moja liko juu kidogo kuliko ilivyo kawaida, ni wepesi kusema kwamba fuvu lilipondwa na uzito wa mawe. Akiona kipande kingine ambacho jicho liko mahali pake, atasema hicho ndicho kilichosalimika. Hakuna aliyefikiri kwamba vipande vyote viwili vinasema kweli, kwamba kimoja kinaonyesha upande wa kushoto na kingine upande wa kulia wa samaki ambaye pande zake hazilingani.

Aliyefikiri hivyo ni Matt Friedman, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika mji wa Chicago, Marekani. Alizunguka katika majumba ya makumbusho akilinganisha vipande mbalimbali, na kingine akakipitisha katika mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani kwa miale ya eksirei, tabaka baada ya tabaka, ili aone ule upande uliofichwa ndani ya jiwe bila ya kulivunja. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi wa Julai mwaka wa 2008. Tundu la jicho la upande mmoja lilikuwa mahali pake pa kawaida. La upande wa pili lilikuwa limepanda juu kuelekea utosini, lakini halikuvuka. Na hao hawakuwa samaki wachanga waliokufa jicho likiwa safarini. Walikuwa wamekwisha kupita kipindi cha mageuzi ya utotoni. Kwao huo ndio uliokuwa mwisho wa safari.

Hoja ya kupondwa nayo iliporomoka, kwa sababu uhamaji huo ulionekana kwa mpangilio ule ule katika kipande baada ya kipande, mifupa yenyewe ikiwa imekua kwa kufuata jicho. Zaidi ya hayo, kwa baadhi ya samaki hao jicho lililohama lilikuwa la kulia, na kwa wengine la kushoto. Katika jumba la makumbusho la Vienna, Austria, Friedman alipata samaki wa pili wa Bolca mwenye hali hiyo hiyo, akampa jina la Heteronectes chaneti, akimuenzi Bruno Chanet, mtafiti Mfaransa wa samaki bapa. Hivyo Amphistium akatoka rasmi katika kapu la sangara, akawekwa kwenye shina la ukoo wa gayogayo. Swali la Mivart likapata jibu ambalo Darwin hakuwa nalo: samaki wa katikati alikuwapo, akaishi, akala, akazaa.

Kwamba alikula tunajua kwa hakika. Kipande kimoja cha Amphistium kina mabaki ya samaki mwingine tumboni, mwenye urefu wa takriban nusu ya urefu wa mlaji. Mnyama anayemeza windo la ukubwa huo si kilema aliyekuwa akijikokota kuelekea kufa. Ni mwindaji aliyekuwa akijimudu.

Na jicho la nusu safari lilimfaa nini? Hapa bahari yetu wenyewe inatupa mwanga. Katika Bahari ya Hindi, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Australia, anaishi gayogayo mmoja aitwaye kitaalamu Psettodes erumei. Huyu ni tofauti na wenzake. Jicho lake lililohama limefika ukingoni mwa kichwa, juu kabisa, lakini halikuingia sawasawa upande wa pili. Pezi lake la mgongoni halijaenea mpaka kichwani kama la wenzake, na lingali na miiba mbele. Mapezi yake ya tumboni yana mwiba mmoja na vijiti vitano, kama ya changu. Baadhi yao macho yako kulia na wengine kushoto, kama ilivyokuwa kwa Amphistium, ilhali katika spishi nyingi za samaki bapa upande huwa mmoja tu. Tena gayogayo wengi hawalali bapa kabisa muda wote. Hutumia vijiti vya mapezi kujiinua kidogo kutoka mchangani. Samaki aliyejiinua hivyo, jicho lake la chini likiwa limepanda hata kidogo tu, huona zaidi kuliko ambaye jicho lake halikusogea. Mivart alidhani kwamba nusu ya safari ni sawa na kutosafiri. Bahari haihesabu hivyo. Kwa mwindaji, kuona kidogo ni bora kuliko kutoona.

Jambo la pili la kustaajabisha lilitokana na maabara za jeni. Wataalamu walipoanza kulinganisha jeni za samaki wengi kwa pamoja, lile kapu la Perciformes lilipasuka. Ngege akatoka, ikaonekana kwamba ndugu zake wa karibu ni pamoja na mkizi, yule yule ambaye hasira zake ni tijara ya mvuvi. Samaki bapa wakaonekana kuwa wa kundi moja na kolekole, mzia na nduaro. Na ni nani mwingine aliyemo katika kundi hilo? Si mwingine ila mbuta wa Ziwa Victoria, anayeitwa na Waingereza sangara wa Mto Naili. Kwa hivyo mbuta, ambaye jina lake la kigeni linadai kuwa ni sangara, ana undugu wa karibu zaidi na gayogayo wa Mombasa kuliko alio nao na sangara wa kweli wa Ulaya. Wala undugu wake na bahari si wa kubuni. Katika mawe yale yale ya Bolca amepatikana samaki wa baharini aitwaye Eolates gracilis, ambaye ni wa familia ya mbuta.

Mwalimu mwenzangu, fikiria jambo hili. Kuna mwanafunzi wa Homa Bay ambaye amekula mbuta maisha yake yote, na kuna mwanafunzi wa Lamu ambaye amekula gayogayo. Wote wawili wamefundishwa uainishaji kwa mifano ya wanyama wasiowahi kuwaona. Je, somo hilo lingewachosha kama tungewaambia kwamba samaki wa bakuli la mmoja ni jamaa wa samaki wa bakuli la mwenzake, na kwamba jambo hilo halikujulikana na wazazi wao walipokuwa darasani?

Nisieleweke kwamba mambo yote yamekwisha kuamuliwa. Mwaka wa 2021 watafiti waliochunguza jeni za samaki bapa walitoa hoja kwamba yule Psettodes wetu alipata upotovu wa macho kivyake, bila kurithi kutoka kwa babu mmoja na wenzake. Mwaka wa 2024 watafiti wengine wakajibu, wakasema kwamba ushahidi ukipangwa vizuri unaonyesha asili moja. Wanafunzi wasifichwe mabishano kama haya kwa hofu kwamba yatawachanganya. Hayo ndiyo sayansi yenyewe. Kinachomchanganya mwanafunzi ni kuambiwa leo kwamba jambo ni kweli milele, kisha kesho akute kitabu kipya kinasema vingine bila maelezo.

Nina mapendekezo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni kwamba somo la uainishaji lianzie sokoni badala ya ubaoni. Mwalimu wa pwani anunue changu na gayogayo, wa Nyanza anunue ngege na mbuta, awalaze juu ya meza, na wanafunzi wahesabu miiba, wapime mapezi, wachore kichwa kwa pande zote mbili. Wapangwe makundi kabla ya kupewa majina, na kila kundi litetee mpangilio wake kwa ushahidi. Nimewafundisha vijana kwa njia hii na kwa ile ya ubaoni, nami naweza kushuhudia kwamba aliyehesabu miiba kwa mkono wake mwenyewe hasahau. Somo likiisha, samaki apikwe. Hakuna hasara.

Pendekezo la pili linawahusu watunzi wa mitihani. Swali linalomtaka mtahiniwa ataje ngazi saba za uainishaji linapima kumbukumbu tu. Swali linalompa alama za samaki watatu na kumtaka aeleze ni wawili gani wana undugu wa karibu, na kwa nini, linapima akili. Mtahini akiuliza swali la pili, walimu watalifundisha. Akiendelea kuuliza la kwanza, hata mtaala ubadilishwe mara ngapi, darasa litabaki lile lile.

La tatu linatuhusu sote kama taifa. Amphistium hakugunduliwa upya kwa kuchimbwa mgodi mpya. Aligunduliwa kabatini. Vizazi vya watunzaji ambao hawakujua thamani ya jiwe lile walilifuta vumbi, wakaliandika namba, wakalipitisha salama katika vita viwili vya dunia, wakamkabidhi aliyekuja na swali sahihi. Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi yanatunza mifupa ya kale ambayo dunia nzima inaionea wivu, pamoja na ndege, wadudu, mimea na samaki waliokusanywa kwa miongo mingi. Kila fedha zinapokuwa adimu, utawasikia watu wakiuliza makabati hayo yana faida gani. Jibu ni kwamba faida ya kabati haijulikani mpaka aje mtu wa kulifungua, na mtu huyo huenda hivi sasa bado yuko shuleni. Tusimtupie mbali ushahidi wake kabla hajajua kuuliza.

Nawe mwanafunzi, ningependa uchukue funzo moja kutoka kwa wanaume wawili wa kisa hiki. Agassiz, aliyempa samaki huyu jina, aliipinga nadharia ya Darwin mpaka alipofariki mwaka wa 1873, na samaki wake mwenyewe ndiye aliyekuja kuitetea. Mivart aliuliza swali zuri kupita kiasi, lakini akafanya haraka kulijibu: kwa kuwa hakuweza kufikiria samaki wa aina hiyo, aliamua kwamba hawezi kuwapo. Usiwadharau wawili hao, kwani bila jina la mmoja na swali la mwingine tusingejua tulichonacho. Lakini jihadhari na ile hatua ndogo ya kutoka "sijaona" hadi "hakuna". Wengi wamejikwaa hapo, na wengi wataendelea kujikwaa.

Mwenye macho haambiwi tazama, ni kweli. Ila anahitaji kufundishwa atazame pande zote mbili za samaki, na kazi hiyo ya kufundisha ndiyo iliyotuleta darasani.